Kalamu Moja, Madodoso Thelathini

Mpaka leo nikimwona mwanafunzi kashika kalamu nne kwa mkupuo, damu inanichemka.

Mwaka wa mwisho wa diploma ya kilimo hapa Sumbawanga, kila mmoja wetu alitakiwa kujaza madodoso thelathini kutoka kwa watu thelathini. Mimi niliwauliza wanawake wa kijiji cha Pito wanavyochagua mbegu ya ulezi. Wiki tatu nilitembea kwa miguu, upepo ukinichapa masikio, nikawakuta wengine wanalima na wengine wanapepeta, mikono imejaa vumbi. Ukimpa mtu karatasi anakucheka: "Andika wewe, binti yangu, si ndiyo umesomea?" Basi wakajibu, wengi kwa Kifipa, nami nikaandika.

Mwenzangu wa chumba hakwenda popote. Alikaa kitandani na kalamu za bluu, nyeusi na za kijani, akajaza yote thelathini. Mengine aliandika kwa mkono wa kushoto. "Mwone bibi wa miaka sabini huyu," ananionyesha mwandiko unaotetemeka. Nilicheka, siwezi kukataa.

Msimamizi wetu alipoyaona yake akasema hiyo ndiyo kazi. Yangu aliyapekua mara moja tu.

"Mwandiko mmoja, kalamu moja. Umejaza mwenyewe chumbani. Lete mengine Ijumaa, la sivyo mahafali utayaangalia kwa nje ya uzio."

Jamani! Mama yangu kule Matai alikuwa ameshaitangazia jumuiya nzima kwamba mwanawe anahitimu. Nilirudi chumbani nalia kwa hasira.

Mwenzangu akanirushia kalamu zake. "Shoga, nakili majibu yako yale yale, badilisha miandiko tu. Uongo uko wapi hapo? Majibu si ya kweli?"

Nilianza kunakili, na nilijichukia. Nilikuwa kwenye dodoso la mama mmoja aliyenimiminia ulezi kiganjani ili niujue uzito wake, nami nikamwandikia kwa mwandiko wa kutetemeka, yeye aliyekuwa na mkono imara kunizidi. Nikaichana ile nakala. Kutembea nitembee mimi, halafu nijifiche kama mwizi? Thubutu!

Ijumaa nikaingia ofisini na madodoso yale yale.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umerekebisha?"

"Sijarekebisha. Chagua moja, lolote, twende kwa mwenyewe."

Akacheka, akaniambia nina kiburi. Nikamwambia ninacho, na sitoki pale mlangoni. Nilisimama mpaka akachoka, akachomoa dodoso moja katikati ya rundo na kuchukua ufunguo wa pikipiki.

Alikuwa amechomoa la yule yule mama wa ulezi wa kiganjani. Tulimkuta anaanika kwenye turubai. Msimamizi akamsalimia, akafungua karatasi na kumuuliza mbegu anaichagua lini.

Mama akamtazama, akanitazama na mimi. "Huyu si nilishamjibu? Kwani huko chuoni hamsomi mnachoandikiwa?"

Lakini akajibu. Anachagua ulezi ukiwa bado umesimama shambani, anakata masuke yaliyojaa, anayafunga na kuyaning'iniza juu ya jiko moshi uyakaushe. Msimamizi alifuata kwa kidole mstari hadi mstari. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Na panya?" mama akaniuliza. "Uliandika habari ya panya?"

Alikuwa ameniambia kweli kwamba moshi unazuia wadudu lakini panya haumzuii, na kwamba msimu uliopita walimmalizia nusu ya mbegu. Sikuandika. Hitimisho langu lilisema njia ya moshi inatosha, na panya wake wangeniharibia.

"Sikuandika, mama."

"Mbona ulinipotezea muda wangu, sasa?"

Hapo niliona aibu ambayo msimamizi hakuwahi kunitia. Yeye akanipa kalamu yake nyekundu, akasema nisahihishe haraka tuondoke. Nikaikataa. Nikatoa yangu, ile ile, nikachuchumaa pembeni ya turubai na kumwomba mama aanze upya. Akasema, nikaandika, nikamsomea kwa Kifipa, akatikisa kichwa akanirekebisha, nikaandika tena mpaka aliporidhika.

Kisha nikasimama, nikamkabidhi msimamizi karatasi yenye mwandiko mmoja, wa kalamu moja.

"Haya, mwalimu," nikamwambia. "Sasa saini."

Akasaini.