Lenzi Mbili za Bi Tulia

Mtaani kote walimwita Bi Tulia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyeketi kwenye kigoda cha studio yake, awe bwana harusi aliyekauka kwa woga au mtoto mchanga anayelilia kunyonya, aliambiwa neno moja tu: "Tulia." Na kweli mtu alitulia. Alipiga picha kwa kamera ya filamu, ya chuma tupu, isiyojua betri, ambayo kila kitu chake kilizungushwa kwa kidole: umbali, mwanga, kasi. Wenzake wa kazi walikuwa wamehamia zamani kwenye kamera za kisasa, naye hakuwasema vibaya. "Wao wana haraka zao," alikuwa akisema. "Na mimi nina zangu, ila zangu ni za polepole."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na dada wa huyo mume alikuwa muuguzi milimani, mbali, kwenye zahanati ya vyumba viwili. Kila mwezi muuguzi huyo alitia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, akakitundika begani, akatembea kwa miguu kutoka bonde hadi bonde kuwafuata watoto. Alikuwa amefanya hivyo tangu usichana wake, na sasa alikuwa anastaafu. Hakuna aliyewahi kumpiga picha akiwa kazini, hata moja. Bi Tulia alipolijua hilo, alilichukua kama deni la ukoo. Akapiga simu.

"Wifi, nakuja. Mzunguko wako wa mwisho twende wote."

"Utaweza?" wifi akacheka. "Huku hakuna barabara. Kuna njia ya mbuzi, na mbuzi wenyewe wanalalamika."

Swali lilikuwa la haki. Bi Tulia alishatimiza miaka hamsini na kitu, na bega lake la kushoto lilikuwa bovu tangu alipoanguka na ngazi harusini, akitaka ndugu wote wa bibi harusi waenee kwenye picha moja. Wakaenea; yeye akatoka na bandeji. Daktari alimwambia mizigo mizito basi.

Hata hivyo jioni hiyo alitandaza lenzi zake zote kitandani. Kulikuwa na ile ya kuvuta, nzito kama tofali. Ile ndefu ya kuleta vya mbali. Ile pana inayomeza ukumbi mzima. Ya milimita hamsini, ya thelathini na tano, na kidude chembamba cha tisini ambacho hakuna aliyekihesabu. Mumewe akasimama mlangoni.

"Mke wangu, mimi leo nalala wapi? Au lenzi zimeshaolewa humu?"

"Subiri, napanga."

Akazitia zote kwenye begi kubwa pamoja na stendi ya miguu mitatu, akapanda nazo ngazi kwenda juu ya paa wanakoanika nguo. Alirudi amejishika bega, akaketi kitandani bila kumtazama mtu. Fundi hakumcheka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini yeye alikuwa ameusikia mzigo huo ukipanda kila ngazi.

"Nikupimie mfuko mdogo," alimwambia. "Ila niambie kwanza utatia nini."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Mtu mwingine angechagua kwa kupima uzito, akabeba nyepesi na kuacha nzito. Bi Tulia hakuwa mtu wa hivyo. Siku zilizofuata alitembea mjini na lenzi moja tu kwenye kamera, leo hii, kesho ile: sokoni, kwenye foleni ya maji, ndani ya duka la mumewe ambamo ukinyoosha mkono unagusa kitambaa. Mara nyingi hakupiga hata picha. Alitazama tu, akasogea, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Kisha akampigia tena wifi yake.

"Vyumba vya huko vikubwa kiasi gani? Dirisha linatazama wapi? Sindano unachomea ndani au uani?"

"Wewe unakuja kupiga picha au unanunua nyumba?"

Lakini alijibiwa. Vyumba vidogo, madirisha madogo, watu wamebanana. Bi Tulia akakata shauri. Akabeba ya thelathini na tano, kwa sababu huona kwa upana na chumbani huna pa kurudi nyuma, na lenzi hiyo hunywa mwanga hata ukiwa haba. Akabeba na kile chembamba cha tisini kwa ajili ya nyuso, ili asimsogelee mama wa watu na chuma puani mtoto wake akilia. Basi. Stendi akaiacha, kuta za kuegemea zipo. Filamu akachukua za aina moja, akazisokomeza ndani ya soksi.

Fundi, chaki mkononi, alishangaa.

"Na ya hamsini? Si ndiyo imetulisha miaka yote hii?"

"Ndiyo maana naiacha. Ikiwa mkononi nitapiga huko kama ninavyopiga hapa. Nitamwekea wifi kigoda."

Mfuko uliotoka ulikuwa mzuri: turubai, ndani pamba, mkanda mpana wa kupita kifuani ili bega lisijue. Fundi aliushona mara mbili, maana mshono wa kwanza ulimchukiza.

Safari ilikwenda vizuri kuliko alivyoogopa. Baada ya basi akapanda pikapu, na baada ya pikapu ikabaki miguu. Kutoka zahanati wifi alitangulia na kisanduku chake, mwepesi kama msichana, na Bi Tulia akamfuata bila kuomba mapumziko zaidi ya alivyostahili. Katika vijumba vyenye giza la mchana alijibanza kwenye pembe, akampiga picha wifi akiinama juu ya paja dogo la mtoto. Uani akabadilisha lenzi, akachukua uso wa mama aliyefumba macho kana kwamba sindano inamwingia yeye.

Kisha wakafika mtoni. Mvua ya juu milimani ilikuwa imeyachukua magogo ya daraja, na ng'ambo akina mama walishafika na watoto wao. Hakuna aliyeitisha kikao. Wanawake wenye nguvu waliingia majini mmoja mmoja, wakashikana mikono, mlolongo ukatanda hadi upande huu. Wifi akakifunga kisanduku kichwani kwa kanga, akauvamia mto.

Bi Tulia alisimama ukingoni na ile ya tisini jichoni, na alichokiona ni migongo tu, midogo, na maji mengi. Moyo ulimchoma. Ile lenzi ndefu iliyobaki nyumbani ingemletea kila kitu pale aliposimama. Alipiga moja, akajua haifai.

Basi akavua viatu. Akafunga ya thelathini na tano, akabana tundu la mwanga ili vya karibu na vya mbali vyote vitokee wazi, akaweka umbali wa hatua mbili kwa kukadiria, maana huko aendako hatakuwa na mkono wa pili wa kulengea. Akaikaza kamera juu kifuani, akaingia.

"Mama, rudi!" mwanamke aliyekuwa mwisho wa mlolongo akapiga kelele.

"Nishike tu, mwanangu."

Akashikwa mkono wa kushoto, wa lile bega. Maji yalimfika kiunoni, yakamsukuma, na maumivu yakapanda hadi sikioni. Kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikivuta filamu na cha shahada kikibonyeza, alipiga bila hata kuchungulia, huku akimfuata wifi yake. Neno lake la siku zote safari hii alijiambia mwenyewe.

Walivuka wote. Watoto wote walichanjwa, na Bi Tulia alilala siku nzima iliyofuata, bega limefungwa, wifi akimkanda na kumtukana kwa mapenzi.

Picha alizisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza. Nyingi zilikuwa maji na anga. Moja ilikuwa yenyewe: wifi katikati ya mto, kisanduku kichwani, shingo imenyooka, mikono ya wanawake imemzunguka huku na huku, matone yamesimama hewani. Ulimwona kana kwamba na wewe umelowa. Siku ya kuagwa kwake wifi aliitazama mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Huyu ni mimi?" akauliza. "Mbona hamkuniambia?"

Bi Tulia hakuishia hapo. Alichapa nakala kwa kila mwanamke wa mlolongo ule, akarudi nazo milimani mwenyewe, na mfuko wake uleule mdogo. Walizigombania, wakibishana mkono upi ni wa nani, wakacheka hadi machozi. Halafu wakaomba na wao wapigwe, mmoja mmoja, kila mtu na sura yake. Akaanza na waliobeba watoto, kwa kuwa watoto hawajui kusubiri.