Nyumba Yenye Paa Nzuri

Nimemaliza sekondari juzi tu, na ninamtaka Hodan mpaka nashindwa kula. Lakini baba yake, Haji, hampi binti mtu asiye na kazi. Basi nikajifanya dalali wa nyumba hapa Garissa, na Haji akanipa yake moja niitafutie mpangaji.

Nikampata mwalimu mgeni kutoka Nyeri. "Ina paa nzuri," nikamwambia. "Joto likizidi, mnakaa hapo na marafiki mpaka usiku."

Mwalimu akafurahi sana. "Hapa Garissa? Hiyo siiachi." Nikajiona bingwa. Njia nzima niliwaza mikono ya Hodan ikiwa na hina.

Tukamkuta Haji mlangoni na tasbihi yake, Hodan akimmiminia chai. Mwalimu akasalimia, akauliza, "Mzee, kijana anasema nyumba ina baa. Bia zenu ni baridi?"

Tasbihi ikasimama. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sisi Wasomali tukitaka kusema p, inatoka b.

"Waryaa," Haji akaniita polepole, "umemwambia mgeni nini?"

Hodan ananitazama. Nikanyoosha kidole juu ya nyumba, nikajitetea haraka.

"Wallahi, Haji, mimi nilisema baa tu."