Poda ya Mtoto Ng'ambo ya Ruvuma

Jamani, nichekeni tu. Juzi nilivuka Ruvuma na mama mkwe kumnunulia mwanangu poda. Njia nzima nilijigamba kwamba simu imenifundisha Kireno cha dukani. Tulipofika sokoni upande wa Msumbiji nikasema, "Mama, niachie mimi."

Nikamgeukia muuzaji na kutamka kwa madaha, "Quiero polvo," yaani nataka poda, huku nikijipigapiga shingoni ili anielewe vizuri.

Akanitazama, akaingia ndani, akarudi na pweza mkavu.

"Huyu ni wa kula, dada, hapakwi shingoni," akasema kwa Kiswahili safi. "Kwa Kireno, polvo ni pweza. Wewe umejifunza Kihispania."

Mama mkwe akanisogeza pembeni, akamgeukia muuzaji. "Mwanangu, poda ya mtoto ipo?"

"Ipo, mama."