Nilivyompigia Afande Kigelegele

Kuna aibu za kusimulia na kuna aibu za kuzikwa nazo, na hii yangu ilikuwa ya kuzikwa nayo, ila nilifanya kosa la kumwambia rafiki yangu Fatma, na Fatma keshaitembeza mtaa mzima wa Al Baraha, huku kwa Waarabu, kwa namna yake (kwake yeye nilipanda juu ya kiti, jambo ambalo si kweli, nilisimama tu), basi afadhali mnisikie mwenyewe.

Wakati huo nauza marashi na udi kwa mkoba, saluni hadi saluni, miguu imevimba, roho yote iko kwenye kona ya dirishani katika duka la Biju pale Karama. Biju ni Mmalayali, Mhindi wa Kerala, anauza mabegi, na kona ile hakuiwekea kitu ila feni bovu. Tulivutana kodi wiki nzima, nikamshusha, akapanda, nikamshusha tena, mwisho akasema, "Chechi, mimi nimekubali, lakini duka ni la baba. Yuko hapa, amekuja kutoka Kerala kunitembelea. Akikupenda, khalas." (Chechi kwao ni dada mkubwa. Hilo la ukubwa tuliache.)

Sasa Ijumaa ile alikuwa anampeleka mzee sinema, nami akanialika nifuatane nao ili mzee anione, filamu ya kwao ya siasa, ya miaka ambayo serikali iliwafunga watu midomo na wanafunzi wakawa wanachukuliwa bwenini. Biju akanionya kwamba ya mchana haina maandishi ya Kiingereza chini, yenye maandishi ni ya kesho, na mzee hataki kungoja.

"Wewe Kimalayalam unakielewa?"

Nikaiona kona yangu inaondoka. Nikajibu, "Kiasi changu."

Kiasi changu ni kuomba chai na kusema ghali. Hata tiketi nililipa bei nzima, na mnanijua, ningepigania nusu kwa hoja kwamba filamu sitaielewa, lakini ningeanzaje na mzee kasimama pembeni?

Wakaniweka kati yao. Mzee mwembamba, shati jeupe lenye pasi kali. Nami sikuwa na wasiwasi, maana sisi tuliolelewa na vibanda vya video Mombasa, filamu ya Kichina, ya Kihindi, yoyote, lugha hatukuhitaji. Unamtafuta steringi. Ukishampata unamshangilia akipiga, unamlilia akipigwa, mwisho anashinda, mnarudi nyumbani.

Steringi akaja. Gari la polisi likasimama, buti likatua vumbini, kamera ikapanda polepole mpaka kwenye masharubu, na ukumbi ukalipuka kwa miluzi na makofi, vijana wa nyuma wakawasha tochi za simu, Biju mwenyewe vidole mdomoni. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikarudia tena (jambo silikubali mpaka nilihakikishe mara mbili). Wote wanashangilia. Basi ndiye huyu, afande wa polisi.

Nikaanza kazi. Afande akimzaba kijana kibao, mimi makofi. Akivunja mlango wa bweni, mimi, "Yalla, afande." Niligundua kwamba nimebaki peke yangu, lakini nikadhani wenzangu wamechoka. Ikafika pale mwalimu mmoja mzee kafungwa kwenye benchi na afande anachagua fimbo, ukumbi kimya, hata bisi hazitafunwi, nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha baba mtu mapenzi yangu kwa filamu yao. Nikasimama nikapiga kigelegele, kile kirefu cha Mombasa cha kumpokea bwana harusi.

Vichwa vyote viligeuka. Biju akanivuta baibui. "Chechi, keti. Nakuomba, keti."

"Si ndiye steringi?"

"Mwigizaji ndiye tunampenda. Safari hii ameigiza mtu mbaya."

"Na mlimpigia miluzi."

"Tulimpigia yeye, hatukumpigia afande." Kisha akashusha sauti. "Baba alikuwa mwanafunzi miaka ile. Walimchukua."

Filamu iliyobaki sikuiona, nilitazama magoti yangu. Nje, mzee akanisimamisha, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Hukuelewa hata neno?"

"Hata moja, Anko. Nilidanganya, naitaka kona."

Akanitazama mpaka nikatamani kurudi ndani. "Waliponiachia," akasema, "jirani zangu walikuwa wanampigia makofi afande aliyenichukua. Na wao lugha waliielewa."

Akamgeukia mwanawe, wakasemezana kwa lugha yao, Biju akacheka kwa mara ya kwanza tangu aibu ile.

"Anasema kona uichukue. Lakini kwa kodi niliyotaja siku ya kwanza kabisa."

Wiki nzima ya kuvutana ikaenda na maji, na sikushusha hata senti. Nikampa mzee mkono, nikashukuru. Kigelegele sasa nakitunza kwa harusi tu, na hata huko nauliza kwanza bwana harusi ni yupi.