Nilivyoiokoa Kompyuta ya Maktaba

Jamaa mmoja wa Kisarawe aliwahi kuniapia kwamba mfumo mpya wa kuorodhesha vitabu ukikuta nakala mbili za kitabu kimoja, kompyuta inaungua. Nami, mhitimu wa masomo ya jioni mwenye cheti kikubwa kuliko mlango wa nyumba yangu, nikaamini kabisa.

Juzi, maktabani kwetu Kibaha, mkufunzi aliyekuja kutufundisha mfumo huo akatuambia, "Kwa kanuni mpya, matoleo na nakala zote za kazi moja ya mwandishi tunaziunganisha pamoja." Nikajisemea, kumbe jamaa hakukosea, nakala ya pili ni hatari! Bosi wetu, Mama Mushi, alipokwenda mkutanoni, nikabakiza nakala moja tu ya kila kitabu kwenye rafu. Vingine vyote nikavipakia kwenye kirikuu na kuizawadia shule moja ya Kisarawe. Nilitoa jasho la kujaza mto Ruvu.

Kesho yake wanafunzi wa kidato cha nne wakamiminika. Mtihani wa Biolojia ulikuwa keshokutwa, na kitabu kilikuwa kimoja. Wakakigombania mpaka jalada likachomoka.

"Vitabu viko wapi?" Mama Mushi, aliyekuwa amesharudi, akaniuliza mbele yao wote.

"Shikamoo, mama. Viko Kisarawe. Nimeiokoa kompyuta."

"Umeiokoa na nini?"

Nikaeleza. Wanafunzi wakaangua kicheko. "Bro, wewe ni noma!" mmoja akasema.

Mama Mushi hakucheka. "Baba, tunachounganisha ni taarifa zilizomo kwenye kompyuta. Vitabu vyenyewe vinabaki kwenye rafu, na kila nakala ina namba yake. Sasa kavifuate, watoto wasome."