Punje za Mahindi katika Banda la Kisauni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa harufu kuliko kwa sura: harufu ya mahindi makavu na jasho la farasi, wakati wa magharibi, mwezi wa Ramadhani, huko Kisauni. Nimeiombea msamaha siku hiyo katika sijida nyingi, na Mola wetu ni Mwingi wa rehema. Lakini wewe umekuja kuniuliza kama ni kazi ya maana kwenda kusomea wanyama, tena farasi, nami sina njia ya kukujibu ila kupitia siku hiyo. Basi kaa kitako, chai imo birikani.

Miaka ile ya mwisho ya ukoloni, farasi pwani walikuwa wachache. Mbung'o hawakuwaacha waishi, na joto letu si la kila mnyama. Lakini Kisauni alikuwapo Mzungu mmoja mwenye banda la farasi sita, akiwakodisha kwa wageni waliopenda kupanda kwenye mchanga mpaka karibu na Shanzu. Mimi nilikuwa kijana wa Junda, baba yangu amekwisha tangulia mbele ya haki. Nilikuwa nimehitimu Kurani chuoni kwa maalimu, na shule ya serikali nimefika darasa la nane. Wenzangu waliosoma walikuwa wakitafuta ukarani bandarini. Mimi nikapata usaisi, yaani kuwatunza farasi, na kwa miezi ya kwanza nilikuwa nikipita njia za nyuma nikirudi nyumbani ili watu wasinuse nguo zangu.

Mkuu wa masaisi alikuwa Mzee Faraji, mtu wa Likoni. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto hakujaaliwa. Alilala chumba kidogo kando ya banda, na siku ya Ijumaa alivuka daraja, akavuka na kivuko, akaenda kusali kwao na kufagia nyumba isiyo na mtu. Huyo ndiye aliyenifunza kazi. Tangu siku ya pili aliniita "mwanangu". Mtu aliyelelewa na baba hulisikia neno hilo kwa masikio. Yatima hulisikia mwili mzima.

Hakuwa na kitabu. Kila alfajiri baada ya sala aliwapitia farasi mmoja mmoja, akawapapasa miguu kwa mgongo wa kiganja, toka gotini mpaka ukwatoni, akitafuta joto lisilo mahali pake. Alinusa pumzi zao. Alichambua mavi yao kwa kijiti kama mtu achambuaye mchele.

"Farasi hana ulimi, mwanangu," aliniambia. "Ulimi wake ni saisi. Daktari akija atauliza, na atakayejibu ni wewe. Ukimsemea uongo, umemkata ulimi."

Na ilikuwapo sheria moja aliyoirudia mpaka tukamwigiza nyuma ya mgongo wake: farasi aliyetoka mbio hapewi nafaka. Atembezwe kwanza mpaka jasho limkauke, apewe maji kidogo kidogo, kisha majani. Mahindi ni kopo moja, asubuhi, naye akiwa ametulia. Pipa la mahindi lilikuwa na kifuniko cha chuma, na juu yake jiwe.

Sasa, daktari wa mifugo aliyekuwa akija kuwatazama farasi wale alikuwa ameniona nikisoma maandishi ya chupa za dawa. Akatuambia kwamba uhuru u karibu, na serikali inatafuta vijana wa kusomeshwa bara miaka miwili: namna ya kutibu mifugo, kupiga viatu vya chuma, kufunza farasi wachanga, kusimamia mabanda makubwa. Nafasi ya pwani ilikuwa moja. Alitaka jina langu. Mzee Faraji alifurahi kuliko mimi. Alisema, "Nimeshika miguu ya farasi miaka yote hii, na hakuna aliyeniuliza naitwa nani. Wewe wataandika jina lako kwenye karatasi."

Ikaja Ramadhani. Jioni ile Mzee alikuwa amekwenda msikitini mapema. Nilirudi kutoka ufukweni na Shungi, farasi jike mwekundu, mwenye nywele zilizomwangukia usoni kama shungi la ushungi, ndipo tukamwita hivyo. Mgeni aliyempanda alikuwa amemkimbiza sana, naye alikuwa amelowa jasho. Mimi nilikuwa na swaumu, ulimi umenikauka, na adhana ilikuwa inakaribia. Kazungu, mwenzangu wa Kigiriama, Mkristo na mcheshi asiyechoka, alikuwa akimwaga maji ya mwisho kwenye birika la farasi.

"We Hamisi," aliniambia, "wewe wenda kwa uji na tambi za mamako. Na huyu je? Naye amefunga? Mwenzio ana njaa hata kukushinda, mtazame."

"Huyu ale majani," nikamwambia.

"Majani! Nawe ukafuturu majani, basi, muwe sawa."

Akacheka, akajiendea zake. Mimi nikabaki na Shungi. Alinitazama, mwanangu, nami nikaona macho ya mfungaji mwenzangu. Adhana ikalia. Kumtembeza mpaka akauke kungenichukua muda mrefu, na tende zilikuwa mfukoni. Basi nikaliondoa jiwe, nikajaza mahindi, si kopo, bali ndoo nzima, nikammwagia horini, nikarudisha kifuniko na jiwe. Nilijiambia ni huruma. Huruma ilikuwamo, siwezi kukataa, lakini chini yake ilikuwamo haraka ya tumbo langu mwenyewe. Nikamwacha anakula, nikaenda mbio kwa mama. Naye Mzee aliporudi kutoka msikitini alimkuta Shungi ametulia gizani, na ndoo nilikuwa nimekwisha irudisha mahali pake.

Alfajiri tulimkuta Shungi anapiga mguu chini, anageuza shingo kulitazama tumbo lake, na jasho linamtiririka bila jua. Mzee Faraji akamshika sikio, akamnusa, akanigeukia.

"Jana alikula nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. Wallahi lilikuwa mdomoni. Lakini niliiona karatasi ile yenye jina langu, nikaiona ikichanwa.

"Majani tu, Mzee."

"Ulimtembeza?"

"Nilimtembeza."

Hakuuliza mara ya tatu. Alituma apigiwe daktari simu, akachukua hatamu, akaanza kumzungusha Shungi uani, polepole, akimsomea dua. Daktari alipofika aliuliza swali lile lile, naye Mzee akajibu kabla yangu.

"Amekula majani, bwana. Kijana huyu ndiye aliyemwekea, na kijana huyu hasemi uongo."

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingepona mchana ule ule.

Daktari akampa Shungi dawa ya msokoto wa tumbo, akaondoka. Kesho yake mgongo wa kiganja cha Mzee uliona joto kwenye kwato zote za mbele. Shungi alisimama ameegemea nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa, hataki kuinua mguu wala kuuweka. Na katika mavi yake zilikuwamo punje za mahindi, nzima, za manjano. Daktari alirudi, akaziona. Yule naye alikuwa Mzungu, alizungumza Kiswahili chao kile.

"Mzee, wewe nasema hii farasi nakula majani tu. Hii ni nini?"

Mzee Faraji akanitazama. Nilikuwa nimeishika kamba ya Shungi. Alinitazama muda mrefu, akinipa nafasi, kama mtu anayeushikilia mlango wazi ili mwenzake apite. Mimi nikatazama chini, mchangani.

"Nilisema, bwana," akajibu. "Maneno yalikuwa yangu, na mahindi yalikuwa chini ya mkono wangu."

Siku ya tatu Shungi alilala, hakuweza kusimama tena. Wakampiga risasi nyuma ya mivinje. Mzee Faraji aliambiwa aondoke siku ile ile. Alikunja mkeka wake na kanzu zake mbili, akampa Kazungu sufuria yake, akaja mpaka nilipokuwa nikifagia. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Kwaheri, Bwana Hamisi," akasema, akaenda zake kwenye daraja.

Bwana Hamisi. Hakuwahi kuniita hivyo. Nilisimama na ufagio mkononi, nikaelewa kwamba baba yangu amekufa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyemzika.

Barua yangu ikaja. Nilikwenda bara, kwenye baridi nisiyoijua. Katika wanafunzi wote nilikuwa peke yangu mtu wa pwani. Wenzangu walikuwa watu wema, lakini walipoketi jioni kuzungumza lugha zao, mimi nilikwenda kusali katika ghala la majani makavu, nikabaki humo nikisikiliza farasi wakitafuna upande wa pili wa ubao. Hapo ndipo nilipojua upweke usiotokana na kukosa watu. Unaweza kuketi kati ya watu arubaini, na neno ulilolificha likawa ukuta kati yako na kila mmoja wao.

Na siku moja mwalimu alitufunza habari ya nafaka. Alisema farasi akila mahindi mengi, daktari akijua mapema, humsafisha tumbo kwa mafuta yanayopitishwa kwa mpira puani, na miguu ikatiwa katika maji baridi, naye huweza kupona. "Ila lazima mtu aseme," alisema. Kisha akauliza kama yupo aliyewahi kuliona jambo hili kwa macho yake. Wawili waliinua mikono. Mkono wangu ulibaki juu ya daftari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kile hakikuwa changu.

Niliporudi na cheti, uhuru ulikuwa umefika. Yule Mzungu alikuwa ameuza farasi wake na kurudi kwao, na banda lilikuwa limebaki milango. Nilipapasa ubao alipokuwa akijisugua Shungi, ulikuwa bado laini. Kazungu alikuwa amepata kibarua Magongo. Kwa siku kadhaa sikujua elimu yangu niipeleke wapi. Kisha nikavuka kivuko.

Nilimkuta Mzee Faraji uani kwake Likoni, ameinama, ameushika mguu wa punda wa mchota maji, anachonga ukwato kwa kisu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, Bwana Hamisi."

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Ndoo, adhana, tende, karatasi. Naye aliendelea kuchonga. Nilipomaliza akauteremsha mguu wa punda taratibu.

"Nilijua," akasema. "Farasi hafungui kifuniko akarudisha jiwe."

"Mbona hukunitaja?"

"Ulimi ulikuwa wako. Ningekusemea, ungekaa bila ulimi mpaka leo. Na nafasi ile ilikuwa ya pwani nzima. Ningekutaja, wangesema watoto wetu hawafai, wasingeileta tena."

"Nisamehe, Mzee."

"Nilikusamehe kabla sijafika kivukoni. Kusamehe ni kwa ajili ya Mungu, mtu hapaswi kukuchelewesha. Lakini kuamini, Bwana Hamisi, hakugawiwi kama sadaka. Yule niliyemwambia daktari kwamba hasemi uongo, sijui alikwenda wapi." Akaninyooshea kisu, mpini mbele. "Umesoma. Huyu punda ana kidonda chini ya tandiko. Muulize mwenye punda alimtwisha nini, na usikubali jibu la kwanza."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Farasi hawakuwapo tena, lakini punda walijaa Likoni, Kisauni na Changamwe, na ng'ombe na mbuzi, nao wote hawana ulimi. Niliajiriwa idara ya mifugo, na ile elimu ya farasi ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote, alhamdulillahi. Kila Ijumaa nilikwenda Likoni, tukasali pamoja, tukahudumia punda. Aliniuliza habari za kazi, nikamwambia na makosa yangu, hata yale ambayo hakuna aliyeyaona. Nilingoja lile neno, naye aliendelea kuniita Bwana Hamisi, kwa upole, miaka yote.

Alifariki akiniita hivyo. Nilifika maiti imekwisha oshwa. Tulipofika makaburini, imamu akauliza ni nani wake wa karibu, ashuke kumpokea ndani ya kaburi. Watu wakatazamana. Nilitamani sana kusema mimi ni mwanawe, na nani angenikatalia? Lakini neno lile hakuwa amenirudishia, nami sikuwa na haki ya kulichukua akiwa hasemi tena.

"Mimi nilikuwa saisi chini yake," nikasema. "Nilimkosea, akanisamehe."

Imamu akanitazama. "Basi shuka wewe," akasema.

Nikashuka. Nilimpokea kwa mikono hii.

Hayo ndiyo majibu yangu, mwanangu. Nenda kasome. Usione haya kunuka banda, kazi ya wanyama ina milango mingi: wapo wanaotibu, wanaopiga viatu, wanaofunza, wanaozalisha mbegu bora, na elimu hiyo haipotei hata wakiondoka wenye farasi. Lakini kabla ya kujifunza jina la ugonjwa wowote, jifunze kusema, "Ni mimi niliyefanya." Liseme siku ile ile, kungali mapema, mafuta yangali yanafaa. Ukilichelewesha, utasamehewa inshallah, ila huenda ukaishi na msamaha huo peke yako.

Na unisikie ninavyokuita. Neno hili silitoi ovyo, najua lina uzito gani, maana nililipoteza. Nakupa wewe, ulitunze. Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya elimu yenye manufaa, akupe mkono mpole na ulimi mkweli, akurudishe kwetu salama, na siku yako ikifika usikose mtu wa kukupokea. Amin, mwanangu.