Kanuni ya Kiti

Karani wa chama cha mtaa pale Kibiti, enzi za Mwingereza, haandiki neno bila kulamba penseli ya wino, mpaka midomo imekuwa ya zambarau. Sauti yake ameiazima kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma la serikali. Siku ya kurekebisha kanuni, wenzake wamekaa mikekani, akasoma kwa madaha: “Mwenyekiti sharti awe mwenye kiti.” Mtaa mzima ulikuwa na kiti kimoja, nacho kilikuwa chini ya makalio yake. Uenyekiti akauona huo unakuja. Bi Mwanamina, mwanachama mzee mwenye nyumba, akaenda jikoni, akarudi na kibao cha mbuzi ya kukunia, nazi ingali kwenye meno, akakikalia.

“Na hiki, mwanangu, tunakiitaje?”

Karani akatafuta jina lingine la kitu kinachokaliwa, asilipate.

“Basi nami ni mwenye kiti, na umri nimekuzidi: shuka mkekani, kikao kinaanza.”